Mwenye Nguvu ni Anayesikiliza



Kabla sijataja mada ya leo, hebu chunguza mabega yako yako wapi. Yameshuka, au yamepanda yakakaribia masikio? Na meno je: yameachana, au ya juu yanayabana ya chini? Wengi wetu, ikifika saa kumi na mbili jioni kama hivi, mabega yamepanda na taya zimekaza, wala hakuna aliyetuamuru tuzikaze. Mwili umejikaza wenyewe tangu asubuhi: tangu daladala ya kwanza iliyokupita ikiwa imejaa, tangu ujumbe wa anayekudai, tangu bosi aliposema "nikuone ofisini" asieleze kuna nini.

Nataka tuzungumze juu ya msongo huu wa kila siku, na juu ya njia mbili za kuushusha ambazo ni ndugu: kulegeza mwili kwa makusudi, na hipnosi inayotumika kama tiba, ambayo wataalamu huiita hipnotherapia.

Najua neno hipnosi linawatia watu hofu. Mtaani linasikika pamoja na habari za mtu aliyesimamishwa stendi na wageni wawili, wakamwongelesha, akaja kujikuta amekabidhi simu na pochi. Wengine wamewahi kuona kwenye televisheni mtu amepandishwa jukwaani, anaamriwa abweke, anabweka, na ukumbi mzima unacheka. Kwa hiyo ukimwambia mtu kwamba hipnosi inaweza kumsaidia kulala vizuri, anakutazama kama uliyemwambia ampe mgeni ufunguo wa nyumba yake. Hofu hiyo ina historia ndefu, na historia yenyewe ndiyo itakayotuonyesha ufunguo ulikuwa mkononi mwa nani.

Mwaka 1784 jiji la Paris lilikuwa limejaa habari za daktari mmoja aliyetoka Vienna, Franz Anton Mesmer. Huyu alidai kwamba kuna nguvu isiyoonekana, ya namna ya sumaku, inayopita katika viumbe vyote, na kwamba yeye anaweza kuielekeza kwa mikono yake akaponya watu. Wagonjwa walimiminika. Walikaa kuzunguka pipa kubwa lililochomoza vyuma, wakavishika vile vyuma, na baada ya muda mmoja anatetemeka, mwingine analia, mwingine anazimia. Wakizinduka wanasema wamepata nafuu. Mfalme Louis wa 16 akaunda tume ya kuchunguza. Ndani yake alikuwamo Lavoisier, mkemia, Guillotin, daktari, na Benjamin Franklin, mjumbe wa Marekani nchini Ufaransa, mzee wa miaka 78 ambaye afya yake haikumruhusu safari nyingi, kwa hiyo majaribio kadhaa yakafanyika nyumbani kwake, Passy.

Bustanini kwa Franklin walifanya jambo rahisi mno. Mfuasi mkuu wa Mesmer, Charles Deslon, aliutia mti mmoja wa aprikoti ile nguvu yake. Kisha akaletwa mtoto wa kiume wa miaka 12 aliyekuwa akitibiwa naye, akafungwa kitambaa machoni, akapelekwa kwenye miti mmoja baada ya mwingine. Alipoukumbatia mti wa kwanza, jasho likamtoka, akakohoa. Wa pili, kichwa kikaanza kumuuma. Wa tatu, akasema hali inazidi, anaona anaukaribia ule wenyewe. Kwenye mti wa nne akazimia, viungo vikakakamaa, wakambeba wakamlaza kwenye nyasi. Mti wa Deslon hakuwa ameufikia hata kidogo.

Tume ikaandika kwamba nguvu ya Mesmer haipo, na kilichofanya kazi ni fikra za mgonjwa mwenyewe. Hadhi ya Mesmer ikaporomoka. Mimi nawaheshimu sana wale wajumbe, maana waliwalinda watu dhidi ya madai makubwa yasiyo na msingi. Lakini naona walilifunga jalada mapema. Mti haukuwa na kitu, sawa. Mtoto lakini alitoka jasho! Kama matarajio ya mtoto wa miaka 12 yanaweza kumtoa jasho na kumkakamaza viungo, basi kuna mlango hapo kati ya fikra na mwili, na swali la maana lilikuwa hili: mlango huo unaweza kufunguliwa kwa upande wa heri?

Ilibidi kupita zaidi ya nusu karne ndipo mtu alishike swali hilo kwa mikono mitulivu. Novemba 1841, mjini Manchester, daktari mpasuaji Mskoti aitwaye James Braid alikwenda kutazama maonyesho ya Charles Lafontaine, aliyekuwa akizunguka miji akionyesha sanaa ile ile ya Mesmer. Braid alikwenda akiamini ataona udanganyifu. Akaona kitu kimoja kilichomkosesha usingizi: mtu yule jukwaani hakuweza kufumbua macho, na kope zake zilikuwa zimechoka kwelikweli. Akarudi nyumbani, akamketisha rafiki yake, akamwambia akodolee mdomo wa chupa ya mvinyo iliyowekwa juu kidogo ya usawa wa macho. Dakika chache zikapita, kope zikajifunga, kichwa kikainama, pumzi ikawa nzito. Mke wa Braid, aliyekuwa akishangaa tu pembeni, akaambiwa naye ajaribu, atazame pambo la bakuli la sukari. Ikawa vilevile.

Hapakuwa na mikono iliyopitishwa hewani, wala sumaku, wala macho makali ya bwana mkubwa. Bakuli la sukari! Braid akaelewa kwamba jambo lote linatokea ndani ya yule anayetazama: umakini wake umekusanywa mahali pamoja, na umakini ukishakusanyika hivyo, maneno ya utulivu yanapenya kuliko siku nyingine. Mwaka 1843 akatoa kitabu, na neno hipnosi likashika kutoka kwake.

Hali yenyewe unaijua. Umewahi kusikiliza mechi ya Simba na Yanga redioni, umekaa hapo kibarazani, ukaitwa jina lako mara tatu usisikie, mpaka ukaguswa bega? Hukuwa umelala. Hukuwa umepoteza akili. Ungesikia kelele za moto ungeruka. Umakini wako wote ulikuwa uwanjani, na mwili wako ulikuwa unafuata: goli linakosekana, moyo unadunda, mikono inashika kichwa, na wewe umekaa kwenye kiti, mpira huuoni. Sauti peke yake ndiyo imefanya hayo yote. Hipnosi ya tiba inachukua uwezo huo huo na kuuelekeza mahali panapokufaa.

Kwa hiyo tuwaseme wale wezi wa stendi. Silaha yao ni haraka, tamaa na aibu, na wakati mwingine dawa iliyotiwa kwenye soda au biskuti. Anayekuharakisha usipate nafasi ya kufikiri anafanya kinyume kabisa cha anachofanya mtaalamu wa hipnosi, ambaye kazi yake ya kwanza ni kukuondolea haraka. Kwa kawaida mtu aliye katika hipnosi anasikia, anakumbuka, na akiambiwa jambo lililo kinyume na dhamiri yake anakataa au anafumbua macho. Na yule anayebweka jukwaani? Amejitolea mwenyewe kupanda, amechaguliwa kati ya wengi kwa sababu anaitikia upesi, na ukumbi mzima unamsubiri abweke. Mimi maonyesho hayo siyapendi. Yamewanyima tiba watu wengi kwa kuwaaminisha kwamba wataaibishwa.

Sasa turudi kwenye mabega na meno. Mwishoni mwa miaka ya 1890, mwanafunzi wa udaktari wa Harvard, Walter Cannon, alikuwa akiwalisha paka chakula kilichochanganywa na madini yanayoonekana kwenye eksirei, ili atazame tumbo linavyosaga. Aliona mawimbi ya tumbo yakienda taratibu, moja baada ya jingine. Lakini paka akikasirika au akihangaika, mawimbi yanasimama. Anapotulia yanaanza tena. Cannon akaifuatilia habari hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1915 akatoa kitabu kinachoeleza namna mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia: tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, damu inaondoka tumboni kwenda kwenye misuli, pumzi inapanda kifuani, sukari inaongezeka kwenye damu.

Mwili hauna namna ya pekee ya kujibu ujumbe wa deni. Unatumia hiyo hiyo. Umekaa kwenye foleni ya Ubungo, hakuna wa kupigana naye wala pa kukimbilia, na mwili umeshaandaa vyote. Kesho tena. Keshokutwa tena. Chakula kinakaa tumboni kama jiwe, shingo inauma, usingizi unakatika saa nane usiku na mawazo yanaanza kupiga hesabu. Mtu anakwenda zahanati mara ya kwanza na ya pili, vipimo havionyeshi kitu, anarudi nyumbani akidhani wanamficha.

Edmund Jacobson, daktari wa Chicago, ndiye aliyeona kwamba misuli ni mahali pazuri pa kuushika msongo, kwa sababu moyo huwezi kuuamuru uende polepole, lakini ngumi unaweza kuifungua. Alipima umeme mdogo unaopita kwenye misuli na kuonyesha kwamba mtu akiwaza tu kukunja mkono, misuli ya mkono huo inajikaza kidogo, hata kama haionekani kwa macho. Mwaka 1929 akachapisha njia yake: kaza fungu moja la misuli, lisikie lilivyokaza, kisha liachie, uisikie tofauti. Mafunzo yake yalikuwa marefu mno, mtu angeweza kutumia miezi. Aliyeyafupisha yakawafaa watu wenye kazi zao alikuwa Mwafrika Kusini, Joseph Wolpe wa Johannesburg, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu kutibu hofu.

Na Berlin kulikuwa na Johannes Heinrich Schultz, ambaye mwaka 1932 alitoa njia nyingine iliyozaliwa moja kwa moja na hipnosi. Aliona kwamba watu wakiingia katika hipnosi wanasimulia mambo mawili yale yale: viungo vinakuwa vizito, na joto linaingia mikononi. Akageuza njia: badala ya mtaalamu kuwaingiza, wajifunze wenyewe kuuita ule uzito na lile joto kwa maneno machache. Njia hii inafaa, nami nitaitumia baada ya dakika chache. Lakini sitamficha msikilizaji kwamba Schultz, chini ya utawala wa Hitler, alikuwa naibu mkurugenzi wa taasisi ya tiba ya nafsi iliyotumikia utawala ule. Nalisema ili mtu yeyote asije akamsujudia mwalimu kwa sababu amefaidika na somo.

Sasa tufanye. Dereva uliyeshika usukani, na wewe wa bodaboda mwenye redio kifuani, hapa usinifuate. Sikiliza tu, utafanya ukishafika. Mama uliye jikoni na mafuta yako motoni, epua kwanza.

Kaa, mgongo uegemee kitu. Nyayo zikanyage chini. Macho fumba, au yaache yatazame mahali pamoja sakafuni, vyovyote utakavyo.

Kunja ngumi ya mkono wa kulia. Usitumie nguvu zote, nusu inatosha. Isikie inavyokaza mpaka kwenye kiwiko. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Iachie yote kwa mara moja, mkono uanguke pajani. Usifanye kitu. Sikiliza tu mkono unavyojisikia sasa, ukiulinganisha na wa kushoto.

Na wa kushoto. Kunja. Kaza. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Achia.

Mabega: yapandishe kuelekea masikioni, yabane hapo. Yashikilie. Yaachie yadondoke. Yakimaliza kudondoka, mara nyingi bado kuna kidogo kilichobaki. Kiache nacho kishuke.

Uso: kunja paji, bana macho, bana meno taratibu. Shikilia. Achia. Meno yaachane, ulimi ulale chini mdomoni.

Sasa pumzi. Ingiza kwa pua nikihesabu nne: moja, mbili, tatu, nne. Itoe kwa kuhesabu sita, kama mtu anayepuliza chai asiimwage: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Tena, nne ndani. Sita nje. Tumbo lipande na kushuka, kifua kipumzike. Endelea hivyo mwenyewe.

Na wakati pumzi inaenda, sema kimoyomoyo: mkono wangu wa kulia ni mzito. Usiulazimishe. Sema tu, na ungoje. Mkono wangu wa kulia ni mzito. Mkono wangu wa kulia una joto. Mawazo yakija, ya ada au ya mgonjwa aliyeko wodini, usigombane nayo. Yamekuja, rudi kwenye mkono.

Kisha chagua mahali unapopajua ambapo mwili wako huwa unatulia. Inaweza kuwa chini ya mwembe wa kwa bibi, inaweza kuwa ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Sikia sauti za pale, harufu ya pale, upepo unatoka upande gani. Ukiwa hapo, jipe sentensi moja ya kwenda nayo. Mimi napendekeza hii: nikishika kitasa cha mlango wa nyumbani, mabega yanashuka. Iseme mara tatu, polepole.

Sasa hesabu kutoka moja hadi tano, nyosha vidole, vuta pumzi ya kawaida, fumbua macho. Usisimame ghafla, hasa wewe mwenye presha ya kushuka.

Nieleze kidogo kilichokuwamo. Hesabu ya nne na sita inafanya pumzi moja kuchukua kama sekunde kumi, yaani pumzi sita kwa dakika. Kasi hiyo ina sifa yake: mapigo ya moyo hupanda kidogo unapovuta hewa na kushuka unapoitoa, na pumzi ikienda taratibu hivyo, moyo na presha vinafuatana vizuri zaidi. Mwaka 2001 daktari wa Italia, Luciano Bernardi, na wenzake walichapisha utafiti uliowapima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakikariri maneno ya wanaofuata yoga. Katika hali zote mbili pumzi zilishuka zikafika karibu sita kwa dakika, bila mtu kuambiwa ahesabu chochote. Kwa hiyo bibi anayevuta uradi kwa tasbihi baada ya Isha, na mama anayesali rozari kabla ya kulala, wana kitu ambacho miili yao inakijua tangu zamani. Sisemi kwamba sala ni pumzi tu. Sala ni ya Mungu. Nasema kwamba aliye na sala yake asidhani anahitaji kuiacha ili ajifunze kutulia. Herbert Benson wa Harvard, katika kitabu chake cha mwaka 1975, naye alieleza kwamba kurudia neno moja kwa utulivu kunapunguza kasi ya pumzi na matumizi ya oksijeni mwilini, na baadaye aliwahimiza watu wachague neno kutoka katika imani yao.

Ile sentensi ya kitasa ndiyo hipnosi yenyewe. Imetungwa kwa namna fulani: ni fupi, inasema kinachotokea, na imefungwa kwenye kitu utakachokigusa kila siku. Usijiambie "sitakuwa na hasira nikifika nyumbani", maana hapo umeitaja hasira na mwili umeisikia. Tunga ya kwako. Mwalimu anaweza kuifunga kwenye chaki, muuguzi kwenye kuvaa glavu, muuzaji wa genge kwenye kufungua mwavuli asubuhi.

Je, inafanya kazi? Hapa nitakuwa makini, kwa sababu wanaouza hipnosi wanapenda kuahidi kila kitu. Palipo na ushahidi mzuri ni kwenye tumbo na kwenye maumivu. Mwaka 1984 Peter Whorwell, daktari wa Manchester, mji ule ule wa Braid, alichapisha jaribio la wagonjwa 30 wenye tumbo linalosokota na kuvuruga choo bila ugonjwa unaoonekana kwenye vipimo. Waliopata hipnosi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata mazungumzo na vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2008 mwongozo wa kitaifa wa tiba wa Uingereza ukairuhusu kwa wagonjwa wa aina hiyo ambao dawa hazikuwasaidia kwa mwaka mzima. Huko Liège, Ubelgiji, tangu 1992 daktari Marie-Elisabeth Faymonville na wenzake wamewafanyia upasuaji maelfu ya watu wakiwa macho, kwa hipnosi pamoja na ganzi ya mahali panapopasuliwa na dawa kidogo ya kutuliza.

Kwa msongo wa kila siku ushahidi ni mwembamba zaidi. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikusanya majaribio tisa ya hipnosi kwa watu wenye msongo, na waandishi wakasema ubora wake hauwaruhusu kutoa hukumu. Kulegeza misuli na kupumua taratibu kumechunguzwa zaidi, na kunapunguza wasiwasi kwa watu wengi. Tena watu hawalingani: wapo wanaoingia katika hipnosi kwa urahisi, wengi wako katikati, na wachache haiwagusi kabisa. Aliyefanya nasi sasa hivi asisikie kitu, asijione ana kasoro. Aanzie kwenye ngumi na mabega, zile hazihitaji kipaji.

Habari inayonipa moyo kuliko zote haikutoka Ulaya. Imetoka kaskazini mwa Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza mafunzo ya kukabili msongo yaliyorekodiwa kwa sauti, vipindi vitano vya saa mbili, yakachezwa kwa vikundi vya akina mama kutoka Sudan Kusini, wakiongozwa na watu wa kawaida waliopata mafunzo mafupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: wanawake 694 walishiriki katika jaribio, na waliosikiliza mafunzo walikuwa na dhiki ndogo ya nafsi kuliko wengine, mara baada ya kumaliza na hata miezi mitatu baadaye, ingawa kufikia hapo tofauti ilikuwa imepungua. Haikuwa hipnosi, yalikuwa mazoezi ya kurudisha umakini mahali ulipo, kukanyaga chini ukasikia ardhi, kuyatazama mawazo mazito bila kuvutwa nayo. Lakini fikiria: sauti iliyorekodiwa tu, kwa akina mama waliokimbia makwao. Mtu anayefanya kazi ya redio hawezi kusoma habari hiyo akabaki vilevile.

Hata hivyo wale akina mama walihitaji pia chakula, usalama na nchi. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu naona waajiri wanaoalika mtaalamu aje awafundishe wafanyakazi kupumua, huku mishahara ya miezi miwili haijalipwa. Aliyechukua mkopo wa kausha damu, riba inapanda kila wiki, pumzi sita kwa dakika hazitamlipia. Anayepigwa na mumewe hahitaji kujifunza kulegea. Anahitaji dawati la jinsia polisi na mahali salama pa kulala leo. Mazoezi haya yanakupa kichwa cha kupigia hesabu na usingizi wa kuamkia vita. Vita bado vipo, na vingine ni vya kupigana tukiwa wengi.

Machache ya tahadhari, kisha niwaachie. Anayesikia sauti wasizosikia wengine, au aliyewahi kuugua ugonjwa mkubwa wa akili, asijiingize katika hipnosi bila daktari wake kujua. Aliyepitia ukatili mzito anaweza kufumba macho akakutana na tukio lenyewe; huyo afanye macho wazi, na ikiwezekana pamoja na mshauri. Dawa za presha, kisukari na kifafa haziachwi kwa sababu umejifunza kupumua. Mtu yeyote anayekuahidi kwamba hipnosi itakurudishia kumbukumbu za utotoni zilizofichika, mkimbie: mtu akiwa katika hali ile anaweza kujengewa kumbukumbu ya jambo ambalo halikutokea na akaliamini kwa moyo wote, na familia zimevunjika kwa njia hiyo. Ukimtafuta mtaalamu, uliza kwanza yeye ni nani bila hipnosi: ni daktari, muuguzi, mwanasaikolojia? Kama jibu ni kozi ya siku mbili ya mtandaoni, rudi na nauli yako. Na kama huzuni, kukosa usingizi au kukosa hamu ya kula kumezidi wiki mbili, au mawazo ya kujidhuru yamekuja hata mara moja, nenda kituo cha afya, useme hivyo hivyo kwa mdomo wako: nina mawazo ya kujidhuru. Usiseme kichwa kinauma.

Kwa watakaotaka kuendelea nyumbani, rekodini zoezi hili kwenye simu zenu kwa lugha mnayoiota. Mwenye Kihaya arekodi kwa Kihaya. Sauti inaweza kuwa yako au ya mtu unayemwamini, na isomwe taratibu, kila baada ya sentensi pumzi mbili zipite. Dakika kumi kwa siku, wakati ule ule, zinatosha kuanzia. Wiki ya kwanza usitegemee kitu kikubwa.

Tutalirudia zoezi peke yake, bila maelezo, kesho saa tatu usiku baada ya taarifa ya habari, kwa ajili ya mliokuwa barabarani leo.